Kumechi biti kwa masikio: mwongozo kwa dijei anayeanza hapa Uganda

Kila anayeanza udijei anafika kwenye hili swali mapema: kwa nini nisumbue masikio kulinganisha biti za nyimbo mbili na kitufe cha SYNC kinachozilinganisha chenyewe kipo pale kwenye kontrola (ile mashine ya dijei yenye deki mbili)? Jibu utalipata siku ya kwanza utakayoitwa kupiga kwanjula (sherehe ya kutambulisha mchumba kwa wazazi). Wageni wameshakula, mzee mmoja wa upande wa bibi harusi anakuletea fulashi yake anataka lingala ya zamani, izo nyimbo hazijawahi kuingia kwenye laptopu yako, programu ya dijei haijazisoma, na hata ikizisoma inakupa namba ya spidi ambayo si ya kweli, manake bendi nyingi za zamani zilirekodi watu wakiwa wamekaa pamoja bila mashine ya kuwahesabia, mpiga dramu anaanza pole pole, sebene, ile sehemu ya magita ya kuchezea, ikiingia wote wanapanda spidi. SYNC inafuata mistari ambayo programu imeichora juu ya wimbo. Mistari ikikaa vibaya nyimbo zitagongana mbele za watu na skrini itakuwa inakuambia kila kitu kiko sawa.

Afu angalia muziki tunaoombwa huku. Baa moja ya Busia au Malaba penye madereva wa malori, usiku mmoja unaombwa bongo fleva, kidandali ya hapa Uganda, dancehall, amapiano, rhumba, na kijana mmoja wa kutoka Tanzania anataka singeli. Hakuna kompyuta inayosoma yote hayo vizuri. Sikio linasoma yote, likifundishwa.

Sisemi SYNC ni dhambi, wapo madijei wakubwa wanaitumia na wanafanya kazi nzuri sana. Nasema jifunze masikio kwanza, afu uamue mwenyewe.

Kazi ni mbili, sio moja

Hapa ndo wengi wanapotea kwa hiyo soma taratibu. Kumechi biti ni mambo mawili tofauti na kila moja lina mkono wake.

La kwanza ni spidi. Wimbo A unaenda biti 124 kwa dakika, wimbo B 121, lazima B ipande mpaka 124. Hiyo ni kazi ya slaida ya tempo, ile ndefu pembeni ya deki.

La pili ni mahali. Nyimbo mbili zinaweza kuwa na spidi moja kabisa lakini moja imeanza kuchelewa kidogo, basi zitatembea zimeachana hivyo hivyo mpaka mwisho, hazitakutana. Hiyo ni kazi ya gurudumu, unasukuma mbele kidogo au unazuia kidogo kwa vidole.

Ukisikia nyimbo zinagongana usikimbilie kushika chochote, jiulize kwanza: hii ni spidi au ni mahali? Kama mgongano uko vile vile haubadiliki, ni mahali. Kama unazidi kuwa mbaya kadiri sekunde zinavyopita, ni spidi.

Vifaa

Kontrola yoyote yenye deki mbili, slaida za tempo na tundu la hedifoni inatosha, hata ile ndogo kabisa. Virtual DJ au programu nyingine yoyote. Kama huna kontrola ongea na dijei wa kafunda (baa ndogo) ya mtaani kwenu, wengi wanakubali ukija mchana wakati hakuna wateja, saidia kubeba spika na kufunga waya na utapewa nafasi.

Hedifoni ziwe za waya. Za bluetooth sauti inachelewa kufika masikioni, na kwa hii kazi kuchelewa hata kidogo tu kunaharibu kila kitu.

Chukua karatasi na selotepu ufunike sehemu ya skrini inayoonyesha BPM (biti kwa dakika) na mawimbi ya wimbo. Nakwambia hii kwa moyo wote, macho ni mavivu sana, yakiona namba sikio linalala.

Kitu kingine, zima ile inayoitwa key lock, au master tempo kwenye mashine nyingine. Ikiwa imezimwa, ukiongeza spidi sauti ya wimbo inapanda juu, ukipunguza inashuka, na hiyo inakusaidia kusikia umeenda wapi. Kubadilisha spidi kama asilimia 6 hivi ni sawa na kuhamisha wimbo nusu toni nzima, kwa hiyo utasikia vizuri. Ukienda kupiga mbele za watu utaiwasha.

Kwanza jifunze kuhesabu

Kabla ya kugusa deki mbili, kaa na moja. Chagua wimbo wa house, kiki yake, ile ngoma nzito ya chini, inapiga kila hesabu bila kuruka, du, du, du, du. Hesabu moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne. Kofi au snea (ngoma ya sauti kali) kwa kawaida iko kwenye mbili na nne. Ile "moja" ndo mlango wako wa kuingilia, lazima uijue bila kufikiria, kwa sababu ukianzisha wimbo wa pili kwenye "tatu" ya wimbo wa kwanza, kiki zitakubaliana lakini makofi na maneno vitakaa kombo na watu watasikia kuna kitu hakiendi hata kama hawawezi kukisema.

Ukishaizoea hesabu ya nne, anza kuhesabu mafungu. Muziki wa kuchezea mara nyingi unabadilika kila baada ya hesabu za nne mara nane, au mara kumi na sita: sauti mpya inaingia, besi inatoka, kuimba kunaanza. Fanya hii ukiwa kwenye taksi, dukani, popote redio inapopiga, sema kimoyomoyo "sasa hivi inabadilika" uone kama imebadilika kweli. Haikugharimu shilingi na ndo mazoezi yanayojenga sikio kuliko yote.

Kujua BPM bila skrini: hesabu biti kwa sekunde 15, zidisha mara nne. Ukipata 28, wimbo unaenda 112. Kwa kukadiria tu, house nyingi zipo kati ya 120 na 128, amapiano zinazunguka 112 hivi, dancehall nyingi zipo kati ya 90 na 110, singeli iko 200 na zaidi inaweza kufika 300. Singeli ya 200 unaweza kuimechi na wimbo wa 100, kila biti moja ya ule wa pole inabeba mbili za singeli. Kwenye tamasha la Nyege Nyege, lililoanza 2015 kule Jinja, utasikia madijei wakiuchezea huo mchezo wa nusu na mara mbili, na umati unapokea.

Zoezi la wimbo mmoja deki mbili

Weka wimbo ule ule wa house kwenye deki zote mbili. Slaida zote zikae katikati, kwenye sifuri. Sasa spidi ni sawa kwa lazima, kilichobaki ni mahali peke yake.

Anzisha deki ya kwanza isikike kwenye spika. Kwenye deki ya pili, ndani ya hedifoni, tafuta kiki ya kwanza kabisa ya wimbo, weka alama ya CUE pale inapoanza, sio kabla sio baada. Hesabu pamoja na spika, moja mbili tatu nne, "moja" ikirudi bonyeza PLAY. Bonyeza ukiwa ndani ya hesabu, usisubiri kuisikia "moja" ndo ubonyeze, ukisubiri umeshachelewa.

Sikiliza. Zikiwa zimeachana utasikia du-du, du-du, kila kiki mara mbili. Sukuma gurudumu mbele kidogo. Du-du imekaribiana au imetanuka? Ikikaribiana endelea, ikitanuka rudi upande wa pili. Zitakaribia mpaka utasikia kiki moja tu, na kwa kuwa ni wimbo ule ule sauti ya kiki itageuka ghafla iwe kama mtu anaongea ndani ya bomba. Hapo umefika. Ukiisikia hiyo sauti furahi, manake umezipanga ndani ya milisekunde chache, kwa sikio tu.

Sasa ziharibu makusudi. Sukuma deki ya pili mbele mpaka igongane, sikiliza mgongano wa aliyewahi unavyokaa. Irudishe. Izuie mpaka ichelewe, sikiliza mgongano wa aliyechelewa. Rudia rudia bila haraka. Watu wengi wanaruka hili zoezi wakaja kukwama miezi, kwa sababu kila mtu anasikia kwamba nyimbo zimegongana, kazi ni kusikia ni nani yuko mbele, na sikio linajifunza hilo kama wewe mwenyewe umemsogeza na unajua jibu.

Ukiweza, mwambie ndugu yako aje asogeze slaida ya deki ya pili kidogo wakati umegeuka, karatasi ikiwa bado iko kwenye skrini. Wewe uirudishe ilipokuwa kwa kusikiliza.

Nyimbo mbili tofauti

Chagua house mbili ambazo hazijaachana sana, biti mbili tatu hivi. Anzisha kama ulivyofanya juu. Sekunde za kwanza zitakuwa pamoja, afu zitaanza kuachana. Usishike slaida bado. Shika gurudumu, rudisha deki ya pili mahali pake, uone inakimbilia wapi tena.

Sasa angalia mkono wako unafanya nini. Kama kila mara unalazimika kuisukuma mbele, deki ya pili iko pole, ongeza slaida. Kama kila mara unalazimika kuizuia, inakimbia, punguza slaida. Kazi ambayo mkono unairudia kwenye gurudumu ndo kazi ya kumpa slaida. Hii sheria ishike, ndo roho ya jambo zima, ukiielewa hii mengine yote ni mazoezi tu. (Kwenye deki nyingi kuvuta slaida kuja kwako ni kuongeza na kusukuma mbali ni kupunguza, lakini programu nyingine zinageuza, hakikisha kabla.)

Usiisogeze kwa woga, nywele kwa nywele, wimbo utaisha. Sogeza vya kutosha mpaka uvuke, yani deki iliyokuwa pole sasa iwe inakimbia. Umeshajua jibu liko katikati ya hizo sehemu mbili. Rudi nusu. Bado inakimbia? Rudi nusu ya nusu. Imekuwa pole? Panda nusu. Mara nne tano hivi na umekaribia sana.

Lini uridhike? Hesabu iko hivi. Tofauti ya BPM 1 maana yake kila dakika wimbo mmoja unauacha mwingine kwa biti moja nzima, hiyo ni nyingi, utaisikia ndani ya sekunde chache. Tofauti ya BPM 0.1 ni biti moja kwa dakika 10, lakini sikio halingoji dakika 10: kwenye spidi ya 120 biti moja ni milisekunde 500, kwa hiyo baada ya nusu dakika mmeachana milisekunde 25 na kiki zinaanza kusikika mbili. Nusu dakika bila kugusa inatosha kwa mwanzo, kwa sababu unaweza kusukuma gurudumu kidogo katikati ya miksi na hakuna atakayejua. Hata ikae vizuri vipi usiiamini moja kwa moja, sikio libaki pale mpaka wimbo wa kwanza umetoka.

Watu walikuwa wanafanya hii kitu kabla kompyuta hazijaingia kwenye udijei. Francis Grasso alikuwa anaunganisha santuri mbili kwenye klabu za New York tangu mwisho wa miaka ya 1960, na 1979 ikatoka mashine ya santuri Technics SL-1200MK2 yenye slaida ya kwenda asilimia 8 juu na 8 chini. Slaida unayoishika leo kwenye kontrola ya plastiki ni mtoto wa ile.

Asilimia 8 pia ikupe akili ya kutolazimisha. Kupeleka dancehall ya 96 mpaka amapiano ya 112 ni kuongeza karibu asilimia 17, mwimbaji ataharibika kabisa. Hapo acha kumechi, kata kwenye "moja" au pitia nyimbo za katikati.

Sikiliza nini kwenye muziki gani

House sikiliza kiki, imekwisha.

Amapiano inawashinda wengi kwa sababu wanatafuta kiki na kiki mara nyingi haipo, au inakuja na kuondoka, na ile ngoma ya besi inapiga popote inapotaka. Usiifuate. Fuata sheka, ile sauti ya kama mchanga inayokimbia juu muda wote, yenyewe haiyumbi. Mechi sheka kwa sheka na utashangaa kazi ilivyo nyepesi. Kupunguza besi kwenye hedifoni kunasaidia sana hapa.

Dancehall na afrobeats kiki zake zinarukaruka, hazikai kwenye kila hesabu, na kiki ya wimbo mmoja inaweza kuangukia kwenye uwazi wa mwingine ukadhani zimegongana kumbe ziko sawa. Sikiliza snea na haihati (sahani ndogo za dramu). Kidandali vile vile, tafuta sauti ya juu inayojirudia bila kubadilika, shika hiyo.

Hedifoni na spika za mbali

Sikio moja ndani ya hedifoni kwa wimbo unaokuja, sikio lingine wazi kwa wimbo unaopiga. Sauti ya hedifoni iwe karibu sawa na ya nje. Moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, ubongo unaisikia ile kubwa peke yake. Na usipandishe sana, kiwango cha desibeli 85 kwa saa 8 ndo mpaka unaokubalika makazini, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda wako salama unakatika nusu. Masikio ndo mtaji, hayauzwi sokoni Owino.

Shida inakuja kwenye sherehe za nje. Spika zimewekwa kule mbele ya tenti, wewe uko nyuma na meza yako, mita 17 hivi. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo inakufikia imechelewa milisekunde 50, wakati hedifoni inakufikia saa hiyo hiyo. Ukimechi hedifoni na spika ya mbali utakuwa umepanga vizuri kabisa pale mezani kwako na watu wanasikia du-du. Omba spika moja ndogo iwekwe karibu na wewe. Ikikosekana, tumia kile kitasa cha hedifoni kinachochanganya CUE (hapa ni wimbo unaokuja) na MASTER (unaopiga nje), kiweke katikati usikie nyimbo zote mbili ndani ya hedifoni, funika masikio yote mawili na usahau spika za nje mpaka miksi imalizike.

Kuingiza wimbo

Biti zimekaa, sasa subiri mwanzo wa fungu, sio katikati mtu anaimba. Wimbo mpya uingie besi yake ikiwa imekatwa chini, panda feda (slaida ya sauti) pole pole, watu waanze kusikia sheka na makofi ya wimbo mpya juu ya besi ya wimbo wa zamani. Fungu likibadilika, badilisha besi kwa pamoja, ya zamani chini ya mpya juu. Besi mbili zisikae wazi pamoja, hata biti zikiwa zimemechi kabisa zitatoa ngurumo na spika za kukodi zitalia.

Jirekodi. Kila kipindi cha mazoezi kirekodi, na usikisikilize siku hiyo, sikiliza kesho yake kwa spika ya kawaida. Sikio likishapumzika linasikia vitu ambavyo jana halikuvisikia.

Nyimbo za bendi

Sasa turudi kwa lingala na nyimbo za bendi za zamani. Usijaribu kuziweka pamoja dakika mbili kama house. Spidi ya mwanzo sio spidi ya sebene, kwa hiyo ukitaka kuingiza wimbo mwingine juu ya sebene, mechi na sebene yenyewe, sio na mwanzo wa wimbo. Mkono ukae kwenye gurudumu muda wote, dramu akikimbia na wewe sukuma, akilegea zuia, na miksi iwe fupi, hesabu za nne mara nne, pengine mara nane, afu toka. Kama wimbo unaokuja una mwanzo wa ngoma tupu zungusha hapo kwa lupu (kipande kinachojirudia), ngoma za lupu haziyumbi na unabaki na upande mmoja tu wa kufuatilia. Gita la sebene likiwa limewaka kabisa na watu wako katikati ya uwanja, mara nyingi ni bora kuliacha liishe kuliko kulikata kwa ajili ya kuonyesha umeweza.

Na kwa kila wimbo wa namna hii, ukishaumechi mara moja, andika kwenye jina la faili spidi ya mwanzo, spidi ya sebene na dakika inapoanzia.